Nani Ana Ruhusa ya Kuchoka?

Ndugu msomaji, hebu tuhesabu maneno. Kiswahili chetu kina maneno ya kutosha ya kumsema mtu asiyefanya kazi: mvivu, mzembe, mtegaji, goigoi, mzururaji, kupe. Kila moja lina ladha yake na yote yanauma. Sasa nitafutie neno moja tu la mtu aliyefanya kazi mpaka akaisha. Nasema mtu ambaye usingizi hauji ingawa mwili hauna nguvu, anayesoma barua moja mara tatu asiielewe, aliyekuwa akiipenda kazi yake na leo akiliona lango la ofisi tumbo linamsokota. Utasema "amechoka." Lakini hata aliyetoka kucheza chandimu jioni amechoka, na akioga akala, kesho yuko fiti. Vijiweni wana "choka mbaya", ila hiyo ni habari ya mfuko zaidi kuliko kichwa.

Tulichonacho ni msemo: afe punda, mzigo ufike. Ni msemo wa wenye mizigo. Punda hakuulizwa.

Katika kurasa hizi nataka kufuatilia historia ya uchovu wa kazi: nani aliruhusiwa kuchoka, nani alikatazwa, na ubongo wenyewe unasemaje. Naandika nikiwa mtu wa mshahara mdogo mchana na kalamu usiku, kama wengi wenu mnaosoma hapa. Kwa hiyo msinitegemee nikae katikati.

UGONJWA WA WAHESHIMIWA

Mwaka 1869 daktari mmoja wa New York, George Miller Beard, aliandika juu ya ugonjwa alioupa jina la nyurasthenia, yaani udhaifu wa neva. Wagonjwa wake walilalamika kichwa kuuma, usingizi kukataa, tumbo kuvurugika, hofu isiyo na sababu, na uchovu usiokwisha hata wakilala. Mwaka 1881 akatoa kitabu kizima kueleza chanzo chake: ni maisha ya kisasa. Alitaja injini ya mvuke, magazeti, telegrafu, sayansi, na (msicheke) wanawake kutumia akili zao. Alifananisha mwili na mtambo wa umeme. Ukizidi kuongeza taa bila kuongeza nguvu za mtambo, taa zote hufifia.

Mfano ni mzuri. Lakini angalia nani aliyekaribishwa kuugua. Kwa Beard huu ulikuwa ugonjwa wa watu waliostaarabika, wanaofanya kazi ya kichwa: wafanyabiashara, mawakili, wasomi. Kibarua wa kiwandani aliyesimama mbele ya mashine tangu alfajiri mpaka giza hakuwa na nafasi kubwa katika orodha yake, na watu aliowaita washenzi hawakuwa nayo kabisa. Kuchoka kukawa karibu sawa na cheo.

Tiba nayo ilikuwa ya wenye nacho. Daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia aliwalaza wanawake kitandani kwa wiki kadhaa, akiwanywesha maziwa na kuwazuia kusoma na kuandika. Mmoja wa wagonjwa wake, Charlotte Perkins Gilman, alitoka hapo akaandika hadithi fupi juu ya tiba hiyo, ikachapishwa 1892. Inasomwa mpaka leo, na wengi wetu tusingalijua jina la daktari kama si mgonjwa wake kushika kalamu. Waandishi chipukizi, lishikeni hilo, tutalirudia.

MLIMANI NA BONDENI

Ugonjwa huo ulipanda meli ukaja kwetu. Mwaka 1905 Charles Woodruff, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa ametumika Ufilipino, alichapisha kitabu akidai kwamba mwanga wa jua la nchi za joto huharibu neva za watu weupe. Ikaja nyurasthenia ya kitropiki. Wazungu wa Afrika Mashariki wakavaa kofia nene za jua, na wengine wakabandika kitambaa kinene mgongoni kuukinga uti wa mgongo. Ofisa aliyeanza kugombana na kila mtu, kukosa usingizi au kuzama kwenye chupa, daktari alimwandikia jina hilo, na lilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa mara kwa mara za kumrudisha mtu kwao kabla ya muda. Mwanahistoria Anna Crozier, aliyechambua habari za ugonjwa huu katika makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba ulikuwa chombo cha utawala kuliko cha tiba. Uliwezesha serikali kumwondoa mtu bila kumwaibisha. Na hata aliyekuwa mzima alikuwa na likizo ndefu ya Ulaya ikimsubiri.

Kabla ya Waingereza, Wajerumani walikuwa na Lushoto. Waliuita Wilhelmstal, juu kwenye baridi ya Usambara, mahali pa kupunga hewa na kurudisha nguvu. Ukisimama leo pale Irente, karibu na Lushoto, ukatazama chini, utaona bonde la Mazinde na Mombo likipotelea kwenye ukungu wa joto. Bonde hilo ni la mkonge.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche mingi ilikufa safarini, ikafika hai 62. Kutoka kwenye miche hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani kwa zao hilo katikati ya karne ya 20. Watu wa kuyalima walitoka mbali, kusini na magharibi, mpaka Burundi. Waliitwa manamba, kwa kuwa mnyapara hakuwa na haja na jina, alihitaji namba. Kila mmoja alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30. Ukimaliza ngwe yako ya leo, siku inatiwa alama. Usipoimaliza, umefanya kazi bure. Mshahara unakuja kipande kikijaa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa manamba. Alikuwa akituambia kwamba hakuna aliyejaza kipande kwa siku 30 mfululizo akabaki mtu. Miiba inakula mikono, jua linakula kichwa, na homa haikosi. Kwa hiyo walifanya kazi siku mbili tatu, wakalala moja, wakaamka tena. "Tulikuwa tunaupimia mwili," alisema. Wenye mashamba waliiona siku ile ya kulala wakaandika kwamba Mwafrika ni mvivu, haoni maana ya fedha, anahitaji kusukumwa.

Basi weka mambo haya mawili pamoja. Mlimani mtu akilala siku tatu ni mgonjwa. Bondeni akilala siku moja ni mvivu. Jua ni lilelile.

Kenya walikuwa na kipande cha namna nyingine. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alitakiwa kuwa na cheti chake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Humo mwajiri aliandika umeanza lini, umetoka lini, umelipwa nini. Ukiondoka bila sahihi yake ni kosa la jinai. Yaani mtu akishindwa na kazi, safari yake si ya hospitali. Ni ya mahakamani.

BARUA NDOGO YA MOMBASA

Neno kibarua ni barua ndogo. Pwani lilikuwa ni kile kikaratasi cha kuthibitisha siku ya kazi, halafu kazi yenyewe ikaitwa hivyo, halafu mtu akaitwa jina la karatasi yake. Bandarini Mombasa makuli waliajiriwa kwa siku. Anayetaka anakwenda asubuhi, anabeba magunia, jioni analipwa. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1987 juu ya wafanyakazi wa bandari ile, ameeleza jinsi mtindo huo ulivyowakera maofisa. Mtu aliweza kufanya kazi siku kadhaa katika mwezi, akapata ya kumtosha, zinazobaki akashughulika na shamba lake, ndugu zake au pumziko lake. Kazi ile inavunja mgongo, na kuli aliamua mwenyewe mgongo upumzike lini.

Maofisa waliona uzururaji. Wafanyakazi nao waliona njaa, maana bei na kodi za nyumba zilipanda na ujira haukusogea. Wakagoma 1939. Januari 1947 wakagoma tena, safari hii mji mzima, bandari, reli, mahoteli na wapishi wa majumbani, kwa karibu wiki mbili. Kiongozi aliyejitokeza, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa uhamishoni. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam nao wakagoma, na mgomo ukaifuata reli kuelekea bara.

Baada ya hapo serikali ilifikia uamuzi wa kuwageuza vibarua kuwa waajiriwa wa kudumu. Hilo lilikuwa na mema yake, mshahara wa uhakika kwa mfano. Lakini pia lilihamisha kitu kutoka mkono wa kuli kwenda mkono wa ofisi, nacho ni ile haki ya kusema "leo siendi." Kishikeni na hicho, maana wanasayansi watakirudisha mbele yetu kwa jina jingine.

UBONGO KWENYE MIZANI

Hapa inabidi tuingie hospitali ya Mathari, Nairobi. Miaka ya 1930 daktari H. L. Gordon, aliyekuwa akiisimamia, alishikilia kwamba akili ya Mwafrika wa Kenya ni pungufu tangu kuzaliwa. Mwenzake, F. W. Vint, alipima na kuchunguza bongo za maiti za Waafrika akitafuta ushahidi wa upungufu huo, hasa kwenye gamba la sehemu ya mbele. Mwaka 1938 Mathari ikapata daktari mwingine, J. C. Carothers, ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipokabidhiwa. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyepasuliwa kichwa na kukatwa mawasiliano ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu chenye mawazo hayo. Frantz Fanon, yeye mwenyewe daktari wa akili, alimjibu katika kitabu chake cha 1961, na akaeleza kwamba ule unaoitwa uvivu wa mtawaliwa ulikuwa njia yake ya kuukatalia mtambo wa ukoloni.

Mwafrika basi alikuwa hana hata kiungo cha kuchokea. Ukishasema ubongo wake wa mbele haufanyi kazi, utasemaje kwamba umechoka? Naomba mkikumbuke kiungo hicho, ubongo wa mbele, ulioko nyuma ya paji la uso. Tutakutana nacho tena.

PANYA, PUNDA MILIA NA NYANI

Wakati bongo zinapimwa Nairobi, huko Montreal, Kanada, Hans Selye alikuwa akiwatesa panya. Aliwadunga sindano za vitu mbalimbali, akawaweka kwenye baridi, akawakimbiza. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature: vyovyote utakavyomtesa panya, mwili wake unajibu kwa namna ileile. Tezi za juu ya figo zinavimba, vidonda vinatokea tumboni, kinga ya mwili inasinyaa. Alitaja hatua tatu: mshtuko, kuhimili, na mwishowe kuishiwa. Huo ndio mwanzo wa elimu ya msongo tunayoisikia kila siku.

Tezi zile hutoa homoni iitwayo kotisoli. Kwa muda mfupi ni rafiki. Punda milia akifukuzwa na simba, kotisoli na wenzake humpa sukari na mbio, na akinusurika, dakika chache baadaye anarudi kula majani kama hakuna kitu. Robert Sapolsky, Mmarekani aliyekuja Kenya kuanzia 1978 kuchunguza nyani wa Masai Mara, alikitumia kichekesho hicho kwa jina la kitabu chake cha 1994: mbona punda milia hawapati vidonda vya tumbo? Kwa sababu simba wao anaondoka. Wetu haondoki. Anatuma salamu saa nne za usiku akiuliza ile ripoti imefika wapi.

Sapolsky aliwachoma nyani wale dawa ya usingizi kwa mishale, akawapima damu. Aliona kwamba nyani wa chini, anayepigwa bila sababu na asiyejua kofi la kesho linatoka wapi, ana homoni za msongo nyingi hata siku asipoguswa. Kisha, katikati ya miaka ya 1980, likatokea jambo ambalo hakulipanga. Nyani madume wakorofi wa kundi moja walizoea kwenda kupora mabaki ya chakula kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama ya huko ilikuwa na kifua kikuu, wakafa. Wakabaki majike na madume wapole. Miaka mingi baadaye, hata wale madume wapole walipokuwa wamekwisha na kuingia wageni kutoka makundi mengine, kundi liliendelea na upole. Wageni walijifunza adabu ya pale. Na nyani wa chini wa kundi lile hawakuwa na zile dalili za msongo. Habari hiyo ilichapishwa 2004.

Ndugu msomaji, cheo cha chini hakikufutwa katika kundi lile. Lililobadilika ni namna ya kutendewa ukiwa chini.

Kwa binadamu, ushahidi wa aina hiyo ulitoka London. Kuanzia 1967 walifuatiliwa wanaume zaidi ya 17,000 wa utumishi serikalini, wote wakiwa na kazi ya ofisini na hospitali zilezile. Tulizoea kuambiwa kwamba bosi ndiye mwenye presha, maana ana majukumu. Michael Marmot na wenzake wakakuta kinyume: matarishi na mabawabu walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu mara tatu ya wakubwa wa juu.

MSHUMAA ULIOISHA

Neno linalotumika leo duniani kwa uchovu huu lina maana ya kuungua mpaka kwisha. Lilikuwa midomoni mwa watu kabla ya madaktari. Mwaka 1959 mwandishi Mwingereza Graham Greene alikwenda Yonda, kituo cha wakoma nchini Kongo, na riwaya aliyoitoa baada ya safari hiyo ikapewa jina kutokana na msemo wa pale: mgonjwa ambaye ukoma umekwisha kumla vidole, ukazimika wenyewe. Hana ugonjwa tena, lakini kilicholiwa hakirudi. Greene alimpa hali hiyo mhusika wake, msanifu majengo mashuhuri ambaye hasikii tena furaha wala uchungu.

Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York aliyewahi kuwakimbia Manazi utotoni, alilipeleka neno hilo kwenye jarida la kitaalamu. Mchana alikuwa na wagonjwa wake wa kulipa, usiku alijitolea kwenye zahanati ya bure ya vijana waliozama kwenye dawa za kulevya. Aliwatazama wenzake wa kujitolea, na akajitazama yeye. Waliokuwa na moyo zaidi ndio walioisha mapema. Walianza na kichwa kuuma na kukosa usingizi, kisha hasira za haraka, kisha dharau kwa walewale waliokuja kuwasaidia. Walikaa kazini saa nyingi zaidi na kumaliza kazi chache zaidi.

Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akalipa jambo hili kipimo mwaka 1981, yeye na Susan Jackson. Kipimo kina nguzo tatu: kuishiwa nguvu, kuwaona watu kama vitu, na kujiona hufanyi lolote la maana. Japani wao walikuwa na neno kali zaidi, karoshi, kifo cha kazi, lililoanza kutumika miaka ya 1970 baada ya kijana wa miaka 29 katika idara ya usafirishaji ya kampuni ya magazeti kufa kwa kiharusi mwaka 1969. Na Mei 2019 Shirika la Afya Duniani, lilelile lililomchapisha Carothers, liliuingiza uchovu huu katika orodha yake ya kimataifa. Liliuita tukio la kazini, halikuuita ugonjwa. Wengine walilalamika. Mimi naona wamepatia. Ukisema ni ugonjwa, anayetibiwa ni mtu. Ukisema ni tukio la kazini, inayotakiwa kutibiwa ni kazi.

BONGO LENYEWE

Turudi sasa kwenye ule ubongo wa mbele. Hapo ndipo tunaposhikia mawazo mawili kwa pamoja, tunapopanga kesho, tunapouzuia ulimi usimjibu bosi lile jibu lililotukaa kooni. Amy Arnsten wa Yale ametumia miongo kadhaa akionyesha kwamba msongo, hasa ule ambao mtu hana mamlaka juu yake, hulegeza mawasiliano ya seli za sehemu hii. Usukani unachukuliwa na amigdala, kijisehemu cha ndani kinachopiga kengele ya hatari. Kule New York, Bruce McEwen na wenzake walikuwa wameonyesha tangu 1968 kwamba homoni za msongo zinaingia mpaka ndani ya ubongo, kwenye hipokampasi, ghala la kumbukumbu. Ndiyo maana mtu aliyeisha anasahau jina la jirani, anaruka mlango ukigongwa, na hawezi kuanza barua ya mistari mitano. Hajawa mjinga. Kengele inalia tu na hakuna wa kuizima.

Mwaka 2009 McEwen na wenzake walitangaza matokeo ya wanafunzi wa udaktari waliokuwa wamekesha mwezi mzima wakijiandaa na mtihani. Uwezo wao wa kuhamisha mawazo kutoka jambo moja hadi jingine ulishuka, na mawasiliano ya ubongo wa mbele yalilegea. Baada ya mwezi mmoja wa nafuu, vilirudi. Huko Stockholm, Ivanka Savic na wenzake wamepiga picha bongo za watu walioishiwa na kazi ya miaka: gamba la mbele limekuwa jembamba, amigdala imekuwa kubwa. Walipowapiga picha tena baada ya muda, mabadiliko hayo yalikuwa yamerudi nyuma kwa sehemu. Mwezi wa kukesha unalipika kwa mwezi. Miaka ya kukesha hailipiki kwa wikiendi moja.

Mnaona historia inavyocheka. Miaka ya 1930 waliutafuta ubongo wa mbele wa manamba na kuli kwenye mizani, wakitaka kuthibitisha kwamba tangu kuzaliwa haufai. Kumbe kilichostahili kupimwa ni kazi ya kutwa chini ya mnyapara, isiyo na mamlaka wala uhakika, ambayo inaudhoofisha ubongo wa mbele wa mtu yeyote, wa Lushoto au wa Mazinde.

TUKAMRITHI MNYAPARA

Ningependa kusema kwamba hayo yaliisha na Uhuru. Hayakuisha. Tulikuwa na "Uhuru na Kazi", na mwaka 1967 Azimio la Arusha lilisema ukweli ambao hatukuufanyia kazi: wanawake wa vijijini walikuwa wakifanya kazi mpaka saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili. Lakini 1983 tulipotunga sheria ya Nguvukazi, waliokamatwa mitaani Dar es Salaam kwa jina la wazururaji walikuwa wauza karanga, wauza maji na mama waliotoka sokoni, watu ambao kazi zao hazikuwa na kitambulisho. Jicho la yule mwenye shamba tulilivaa wenyewe.

Leo tunalivaa kwa mtindo mpya. Jiji letu tuliliita Bongo, kwa maana kwamba bila ubongo huponi, halafu tunamcheka anayesema ubongo wake umechoka. Ofisi moja niliyofanya kazi, meneja alikuwa akiwasifu hadharani wanaolala kwenye viti. Mwenzetu mmoja, kijana hodari kuliko wote, alianza kusahau, akaanza kufoka, akaandikiwa barua mbili za onyo kwa uzembe. Alipoacha kazi tulichangiwa maneno kwamba vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Hakuna aliyehesabu saa zake.

Basi tuhesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Hayo si maneno ya hisani, ni haki iliyoandikwa. Na si jambo dogo: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusika na vifo 745,000 vya kiharusi na moyo katika mwaka 2016 pekee. Usingizi, matembezi, rafiki wa kuongea naye, vyote hivyo ni dawa, sikatai. Lakini Maslach na Michael Leiter walipoorodhesha mwaka 1997 mahali uchovu huu unapozaliwa, walitaja sita: wingi wa kazi, mamlaka juu ya kazi yako, malipo na shukrani, ujirani wa kazini, haki, na kuamini unachokifanya. Hesabu mwenyewe ni mangapi unaweza kuyatibu kwa kulala mapema. La kwanza, labda nusu. Yaliyobaki yanahitaji watu wawili, watatu, ishirini, wakiongea kwa sauti moja, kama walivyofanya Mombasa.

Nanyi wenzangu wa kalamu, tuna sehemu yetu. Ule ubongo wa mbele ndio tunaouandikia. Anayetoka kwenye daladala saa tatu usiku akakaa mbele ya karatasi asipate hata sentensi, asikimbilie kusema kipaji kimemwacha. Aangalie kwanza mchana wake. Ila pia tusisubiri tupone ndipo tuandike. Hadithi zetu zimejaa wavivu wanaopata funzo na wachapakazi wanaopata zawadi. Naisubiri hadithi ya mchapakazi aliyeisha: nesi wa zamu ya usiku, mwalimu wa darasa la watoto 100, kijana wa Nairobi anayelipwa kutwa kutazama picha za kutisha ili sisi tusizione kwenye simu zetu, dada wa kazi anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Huyo wa mwisho hata hizo saa 45 ni vigumu kwake kuzidai, maana nyumba haina mlango wa kutokea kazini.

Mkiziandika, huenda na lile neno tunalolikosa likapatikana humo humo. Maneno kama manamba na kibarua hayakutungwa na kamati. Yalitoka midomoni mwa waliobeba. Walau safari hii punda aulizwe.